Mistari myeusi na uso wa kijivu: picha za maharusi jioni kwa taa moja ya LED

nuru_ndogo

Wakuu, habari za leo. Nina kazi ya picha za maharusi Mji Mkongwe, Unguja, na majaribio ya wiki hii hayajanipa ninachotaka. Wenye ujuzi naomba mnisaidie.

Vifaa: Sony A7 III, lenzi ya 85mm f/1.8 na ya 35mm f/1.8, taa moja ya LED ya wati 60 ya rangi moja tu (5600K, yaani weupe wa mchana), softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 60, stendi moja, betri mbili za umbo la NP-F970. Flashi sina.

Bwana harusi ni mweusi tii, atavaa kanzu nyeupe, joho na kilemba. Bibi harusi ni maji ya kunde, gauni la kijani kizito na ushungi wa rangi hiyohiyo. Tunaanza ufukweni Shangani saa 11 na nusu jioni, kisha tunaingia vichochoroni na mbele ya milango ya nakshi.

Yanayonisumbua ni haya. Baadhi ya picha zinatoka na mistari myeusi, hasa nikipunguza mwanga wa taa. Uso wa mtu mweusi unatoka wa kijivu kama umepakwa majivu, na nikiuinua kwenye kompyuta ndiyo unazidi kuharibika. Nikiupata uso vizuri, mbingu yote inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Nikiitunza mbingu, watu wanakuwa vivuli. Taa naiweka mita 3 ili isiingie kwenye fremu. Mwisho, betri zinakata baada ya dakika 35 na lebo inasema 12,000 mAh.

Nimepima kwa tundu la f/2, shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 640 hadi 3200. Tatizo ni taa ndogo, au ni mimi?

Fundi Shata

Mkuu, tuanze na mistari maana ndiyo rahisi. Ingia kwenye menyu uzime upigaji wa kimya, ule usiotoa mlio. Nakaribia kuapa kwamba umewashwa.

Katika hali hiyo A7 III haitumii mapazia ya shata. Sensa, ile sehemu inayopokea mwanga, inasomwa mstari kwa mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na safari nzima inachukua muda mrefu kuliko hiyo 1/250 unayoiona kwenye skrini. Kila mstari unapata 1/250 yake, ila hauipati wakati mmoja na mwenzake. Taa ikizima na kuwaka katikati ya safari, mistari iliyosomwa ikiwa imezima inatoka myeusi. Ndiyo maana picha ya kulala ina mistari ya kulala, na ukisimamisha kamera mistari nayo inasimama.

Unaweza kusema taa yako haizimi, unaiona inawaka tu. Inazima. LED nyingi za bei ya chini hazipunguzi mwanga kwa kupunguza umeme. Zinawaka na kuzima haraka mno, na ukiteremsha hadi asilimia 20 maana yake muda mwingi zimezima. Jicho halioni, sensa inaona. Ndiyo sababu tatizo lako linazidi ukipunguza taa.

Ipime nyumbani kabla ya siku ya kazi. Elekeza taa kwenye ukuta mweupe, washa ule upigaji wa kimya kwa makusudi, weka 1/2000, kisha piga picha taa ikiwa asilimia 100, 75, 50, 25 na 10. Utaona mistari inaanzia wapi. Andika namba hiyo kwa kalamu kwenye mwili wa taa na usishuke chini yake kazini.

Kwa shata ya kawaida, hadi 1/250 pazia la kwanza linakuwa limefunguka lote kabla la pili halijaanza kufunga, kwa hiyo fremu nzima inaona mwanga kwa pamoja. Ukizidi hapo shata inageuka mwanya unaotembea, na mistari inaweza kurudi hata kama kamera inatoa mlio wake kama kawaida.

Jambo jingine ni taa za watu: balbu za madukani, za mikahawa ya Forodhani, za barazani. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Hizo huziwezi kwa kubadilisha taa yako. Vichochoroni shuka hadi 1/100 au 1/50, kila picha ipate mizunguko kamili. Vinginevyo utapiga picha tano mfululizo na kila moja ina mwangaza wake na rangi yake. A7 III ina kizuia-kupepesa kwenye menyu kinachosubiri taa ifike kileleni kabla ya kufungua shata, lakini hakifanyi kazi kwenye upigaji wa kimya.

Wenye Canon R8 wanaosoma hapa: hiyo haina pazia la kwanza la kimakanika, linaloanza ni la kielektroniki. Kwa kazi ya jioni halina madhara. Mchana, kwa tundu la f/1.8 na kasi ya zaidi ya 1/1000, ule ukungu mzuri wa nyuma unaweza kuonekana umekatwa upande.

BintiLenzi

Mimi niseme juu ya ngozi, maana "kijivu" watu wengi wanaitibu kwenye kompyuta wakati ugonjwa uko kwenye kamera.

Kanzu nyeupe inarudisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Ngozi nyeusi tii, chini ya mwanga uleule, inaweza kuwa stopu 4 chini ya hiyo kanzu (kila stopu ni nusu ya mwanga ukishuka, mara mbili ukipanda). Kamera inayopima fremu nzima inaona kanzu na mbingu, inaogopa, inapunguza. Uso unaanguka gizani, wewe unauinua baadaye kwa stopu mbili, na unachoinua ni chenga pamoja na rangi dhaifu. Weusi mzuri una wekundu ndani yake. Ukipiga kwa mwanga mdogo wekundu huo unapotea. Kinachobaki ni hayo majivu.

Fanya hivi. Kamera iwe kwenye manyuo kabisa (M, unapanga kila kitu mwenyewe), na faili liwe RAW, yaani ghafi. Washa ile mistari ya pundamilia ya skrini, inayoonya mahali panapoungua, iweke 100+. Pandisha mwangaza hadi mistari ianze kuchezacheza kwenye bega la kanzu, kisha rudi nyuma theluthi moja ya stopu. Huo ndio mwisho wako wa juu. Kuanzia hapo usiguse kamera. Uso unaupandisha kwa taa.

Na taa inapandishaje uso bila kupandisha kanzu? Kwa kuisogeza karibu na kuielekeza vibaya. Sitanii. Weka softiboksi juu ya usawa wa kichwa, nyuzi 45, mita 1.2 kutoka usoni, halafu inua pua yake kidogo ili katikati ya mwanga ipite juu ya kilemba na kinachomgusa mtu kiwe ukingo wa chini wa mwanga. Kifua kiko sentimita 40 chini ya uso, yaani karibu mita 1.5 kutoka kwenye taa, na hapo peke yake kanzu imeshapungukiwa zaidi ya nusu stopu. Kwa taa yako ya mita 3 tofauti hiyo ni robo stopu tu, kwa hiyo kanzu na uso vinapanda pamoja na hutashinda kamwe. Ikibaki inang'aa, kata kipande cha boksi, kipake rangi nyeusi, kibane chini ya softiboksi kiizuie isimwage mwanga kifuani.

Panga na nani asimame wapi. Watu wawili bega kwa bega, taa ikiwa upande mmoja mita 1.2 kutoka kwa wa kwanza, wa pili anakuwa mita 1.7 hivi. Hiyo ni stopu moja kamili. Bibi harusi mwenye gauni la kijani kizito akae upande wa taa, bwana harusi na kanzu yake akae mbali. Nguo zitapatana zenyewe. Ila uso wa bwana nao utashuka pamoja na kanzu yake, kwa hiyo mgeuze aitazame taa na mletee kiakisi cheupe upande wa pili. Fedha hapana, hasa kwa ngozi yenye mafuta: fedha inaleta kimuli kikali kwenye paji la uso.

Kimuli chenyewe kidogo ni kizuri, ndicho kinachochonga uso mweusi, shavu na daraja la pua. Unachotaka ni kiwe kipana na laini. Softiboksi ya sentimita 60 ikiwa mita 3 kwa macho ya ngozi ni balbu. Ikiwa mita 1 ni dirisha.

Mwambie na mpambaji asitumie poda ya kuzuia mng'ao yenye weupe wala krimu ya jua juu ya uso mweusi. Hayo ni majivu ya kweli, hayatoki kwa kompyuta.

nuru_ndogo

Dada, hapo kwenye "kuielekeza vibaya" nimeelewa nilichokuwa nakosea. Lakini mita 1.2 si itaonekana kwenye picha?

Mkongwe wa Nyali

Piga hesabu kabla ya kuogopa, ndugu yangu. Kwa 85mm, kamera imesimamishwa, ukiwa mita 2.5, fremu yako ina upana wa sentimita 70 tu na urefu wa mita 1 na kidogo. Softiboksi iliyo mita 1.2 pembeni na juu iko nje kabisa. Kwa 35mm kamera ikiwa imelala, umbali uleule, upana ni mita 2.5, hapo ndipo itaingia, na dawa yake nitaitaja mwisho.

Kwa kuileta taa kutoka mita 3 hadi 1.2 unapata zaidi ya stopu 2 na nusu bure. Ni kama umenunua taa ya wati 350. Watu wanaunguza pesa kununua taa kubwa wakati ya kwao wameiweka mbali.

Sasa mbingu. Hili wengi waliotoka kwenye flashi wanalikosea. Kwa flashi, shata inatawala mazingira na tundu linatawala flashi, basi unazicheza mbili hizo. Taa inayowaka muda wote haijui hilo. Ukibadilisha shata, tundu au ISO, uso na mbingu vinapanda na kushuka pamoja, uwiano haubadiliki hata nukta. Uwiano unabadilika kwa vitu vitatu: nguvu ya taa, umbali wa taa, na saa.

Saa ndiyo kubwa. Jua la mchana ni lux (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 80,000 na zaidi. Kivuli kilicho wazi, kama 10,000. Taa ya wati 60 ndani ya softiboksi, karibu na uso, iko kwenye mamia hadi elfu moja na kitu. Saa 11 na nusu jioni haishindi chochote. Hapo usiiwashe, unamaliza betri. Geuza watu mgongo kwa jua, tumia ukuta mweupe wa nyumba kuwa kiakisi, basi.

Jua linapozama na mbingu ikiwa safi, mwanga unaoangukia watu ni kama lux 400, na hiyo ndiyo hasa f/2, 1/250, ISO 640. (ISO 640 kwenye A7 III ni mahali pazuri, kuanzia hapo sensa inabadilisha njia ya kukuza umeme na vivuli vinakuwa safi kuliko 500.) Hapo taa yako kwa mara ya kwanza ni kubwa kuliko dunia. Lakini kwetu huku karibu na Ikweta jua linazama wima. Kutoka jua kuzama hadi giza la kuanza kuonekana nyota ni dakika 21 au 22 tu, na mwanga unaporomoka karibu stopu moja kila dakika 3. Picha ya saa 12:30 na ya saa 12:36 zina stopu 2 katikati yake. Kila dakika tatu mazingira yakishuka stopu, pandisha ISO stopu moja na punguza taa stopu moja. Mbingu inabaki ilivyo, uso unabaki ulivyo. Usipopunguza taa, mbingu inakufa nyeusi nyuma yao na picha inakuwa ya usiku wa manane.

Shangani mna bahati, bahari iko magharibi. Kwetu Nyali, Mombasa, kama Coco Beach ya Dar, jua linazamia nyuma ya majumba, na baharini unachopata ni ile rangi ya waridi ya upande wa pili. Nzuri, ila fupi.

Kuhusu fokasi: 85mm kwa f/1.8, mita 1.5, kilicho wazi ni sentimita 3 na kitu. Jicho moja. Kwa watu wawili nenda f/4 ukiwa mita 2.5, upate kama sentimita 20, na nyuso zao ziwe kwenye mstari mmoja. Hakikisha kamera ina programu toleo la 3.00 au jipya zaidi, ndiyo fokasi ya jicho inakuja kwa kubonyeza nusu bila kitufe cha ziada. Skrini ionyeshe mwangaza halisi wa mipangilio yako. Hiyo ndiyo raha ya kamera hizi na taa za kuwaka, unachokiona ndicho.

Kivuli Kirefu

Maelezo yote haya yanaweza kuishia kwa sentensi moja: nunua flashi. Kwa pesa ya LED ya wati 60 na betri zake unapata flashi ya kichwa cha duara na kirusha-mawimbi, unapiga saa 10 alasiri jua likiwa juu na mbingu ya bluu inabaki.

Mkongwe wa Nyali

Kwa saa 10 alasiri uko sahihi, sibishi. Yeye kazi yake ni jioni na vichochoro, na kwa vichochoro LED ina faida: unaona kivuli cha pua kinaangukia wapi kabla hujabonyeza, na maharusi wasiozoea kamera hawashtuki kila sekunde mbili. Isitoshe kasema hana flashi.

nuru_ndogo

Ahsanteni sana. Kuna jambo sikulisema. Hizo dakika za dhahabu ndizo za Magharibi. Bwana harusi ameshasema ataswali jamaa msikitini. Nikimpata tena ni dakika 15 au 20 zimepita.

BintiLenzi

Basi ratiba ndiyo hiyo, na usijaribu kuiba dakika mbili baada ya adhana. Picha za bahari na jua zote zikamilike robo saa kabla ya jua kuzama. Bibi harusi akiwa tayari kuendelea, piga picha zake peke yake: hina ya mikono, kito cha sikio, ushungi. Hina piga kwa taa iliyolala ubavuni mwa mkono, isije kutoka juu, mistari inasimama.

Muda huohuo msaidizi wako awe anapeleka stendi kichochoroni. Chagua kichochoro kinachoelekea magharibi na mbingu inaonekana mwisho wake. Bwana akitoka msikitini bado kuna bluu nzito kule mwisho kwa dakika chache. f/2, 1/50 au 1/100, ISO 3200, taa chini kabisa.

Fundi Shata

Na hapo kwenye "taa chini kabisa" ndipo mistari inaporudi, kwa hiyo kumbuka ile namba uliyoandika kwenye taa. Kama haipaswi kushuka chini ya asilimia 50, usishuke. Ongeza kitambaa cheupe cha pili mbele ya softiboksi. Leso nyeupe ya pamba, safu moja au mbili, ibane kwa vibanio vya nguo. Unapunguza mwanga bila kupunguza umeme. Usiirudishe taa nyuma, utapoteza ulaini wote aliokueleza dada.

Rangi sasa. Taa yako ni 5600K, balbu za vichochoroni nyingi ni za njano, karibu 3000K. Ukiacha kamera ijichagulie, kila picha itakuwa na rangi yake, na nusu ya uso wa bibi harusi ni bluu nusu ni chungwa. Nunua karatasi ya rangi ya chungwa ya taa, ile ya nusu (1/2 CTO). Inashusha taa yako hadi chini ya 4000K kidogo na inakula kama nusu stopu, ambayo kwa saa hizo unaitaka iliwe. Kamera ifunge kwenye 4000K. Balbu nyuma zitabaki za dhahabu, mbingu itakuwa bluu kuliko ilivyo, uso utakuwa uso. Karatasi kamili usiweke. Kila kitu kitafanana, na bluu ya mbingu tu ndiyo itabaki kuokoa picha.

Jihadhari na kuta. Ukiwa karibu na mlango wa duka uliopakwa kijani au kanga zilizotundikwa, mwanga unaogonga pale unarudi na rangi yake shingoni mwa mtu. Sogea hatua mbili.

Betri Kamili

Nijibu la betri maana limesahauliwa. Betri ya umbo la NP-F970 ina seli 6 za 18650 ndani, mbili kwa msururu, makundi matatu sambamba. Seli nzuri za kawaida sokoni ni kama 3,500 mAh. Mara tatu ni 10,500. Lebo ya 12,000 haiaminiki, na mtu aliyedanganya hapo amedanganya na kwenye seli. Ipime kwa mzani wa jikoni: seli sita peke yake ni karibu gramu 280. Ikija gramu 200 na ganda lake, kuna seli zilizochoka au hazipo kabisa.

Betri mbili za kweli za 6,600 mAh ni kama 95 Wh (wati-saa). Taa ya wati 60 inakula zaidi ya 60 ukihesabu feni na upotevu, tuseme 70 na kitu. Hiyo ni saa moja na robo kwa nguvu zote, zaidi ya saa mbili kwa nusu. Dakika 35 maana yake unapata karibu robo tu ya kilichoandikwa. Na kumbuka taa inataka zote mbili zifanane. Moja mbovu ikishuka volti taa inazima wakati nyingine bado ina nusu. Ziwekee alama, zichaji na kuzitumia kama pacha.

Ukihamia betri kubwa za V (za kipachiko cha V-mount), nunua za chini ya 100 Wh kama utapanda ndege kutoka Dar. Hizo zinaruhusiwa, ila mkononi, sio kwenye mzigo wa chini. Usitumie kigeuza-umeme cha gari cha bei rahisi, kile kisichotoa wimbi safi. Taa italia kama mbu na kupepesa juu yake.

Upepo pia hujauliza lakini utauliza. Wakati wa kusi softiboksi ni tanga. Chukua viroba viwili vitupu, mchanga uko palepale, jaza kilo 8 hadi 10 kila kimoja. Kining'inize kwenye mguu uliotazama upande taa ilikoelemea, kiguse chini, kisibembee. Miguu ya stendi izamishe sentimita 10. Hata hivyo mtu awe ameshika. Na uangalie maji: bamvua linaweza kukufikia miguuni ukiwa umeinamia skrini, taa ya umeme iko juu yako.

Lenzi ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi itafunga ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 nje kabla ya kuitoa. Kuifuta hakusaidii, unarudia tu.

nuru_ndogo

Nimezipima kwa mzani. Gramu 190 kila moja. Nimenyamaza.

Swali la mwisho: mlango wa nakshi na 35mm, taa inaingia kwenye fremu. Mkongwe ulisema una dawa.

Mkongwe wa Nyali

Kamera kwenye tripodi, fokasi ukishaipata ifunge kwenye manyuo, mizani ya rangi imefungwa. Wapige maharusi taa ikiwa karibu na inaonekana, bila kujali. Ukipata picha nzuri, waondoke, ondoa taa, piga mlango mtupu kwa mipangilio ileile bila kugusa kamera. Kwenye kompyuta weka moja juu ya nyingine na ufute softiboksi kwa brashi. Kwa sababu taa inawaka muda wote unaona mapema kivuli cha stendi kinaanguka wapi. Kisiangukie mtu, mahali pengine popote ni sawa.

Ila ukiwa na softiboksi peke yake mlango utatoka bapa. Nakshi inataka mwanga unaokwaruza. Tafuta kijitaa kidogo cha mkononi cha LED, kiweke chini upande wa pili wa taa kubwa, karibu kabisa na ubao, kikipiga mlango kwa mshazari wa nyuzi 10 au 15, na kisiwaguse watu. Kila jani na mnyororo uliochongwa utatupa kivuli chake. Misumari ya shaba itameta kwa ncha tu. Ikimeta yote, kishushe kidogo. Waketishe barazani, mlango uwe nyuma ya bega la bibi harusi, sio katikati yao. Misumari ikitokeza juu ya kilemba kama pembe, utapata simu ya mama mtu.